Shajara ya mradi: msaada wa kisheria Ukhiya na Teknaf, Juni hadi Novemba 2025

Juni, wiki ya tatu

Dawati la kwanza la msaada wa kisheria lilipaswa kufunguliwa mwanzoni mwa mwezi huu. Mvua zilizofunga mwezi Mei zilileta maporomoko ya udongo zaidi ya 50 ndani ya siku mbili katika kambi 33 za wakimbizi wa Kirohingya za Ukhiya na Teknaf, wilayani Cox's Bazar, Bangladesh, na kabla matope hayajakauka ikaingia likizo ndefu ya Idi ya Kuchinja, kwa hiyo tunaanza tukiwa na deni la wiki mbili. Banda tulilopewa ni la mianzi na turubai kama makazi mengine ya kambini, kwa kuwa serikali hairuhusu ujenzi wa kudumu, na makabati ya majalada tumeyainua juu ya matofali ili maji yasiyafikie.

Tuko wachache: mawakili wawili wa Kibangladeshi, wasaidizi wa kisheria sita ambao nusu yao ni wakimbizi na nusu ni wenyeji, wakalimani wawili, pamoja nami ninayeratibu. Wale wakimbizi huitwa watu wa kujitolea na hulipwa posho, maana hawana haki ya kuajiriwa nchini humu, ingawa kazi wanayoifanya haitofautiani na ya wenzao. Mimi si wakili wa nchi hii na sitasimama mbele ya hakimu wake. Kazi yangu ni kupanga, kukagua majalada na kuandika shajara hii, ambayo nimeombwa niiandike kwa Kiswahili kwa ajili ya wenzetu wa Kigoma wanaoandaa mradi unaofanana na huu.

Kwa faida ya wenzetu hao, niseme mapema jambo linalotenganisha kazi hii na ile tuliyoizoea katika kambi ya Nyarugusu. Tanzania imo katika Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 na ina sheria yake ya wakimbizi ya 1998. Bangladesh haimo katika mkataba huo wala haina sheria ya wakimbizi. Mrohingya aliyetoka Myanmar na kuvuka mto Naf, ulio mpakani, anaangukia Sheria ya Wageni ya 1946, iliyotungwa na Waingereza kabla nchi hii haijazaliwa, na katika nyaraka za serikali haitwi mkimbizi bali raia wa Myanmar aliyehamishwa kwa nguvu. Jina hilo lina kejeli yake, kwa sababu ni Myanmar yenyewe, kwa sheria yake ya uraia ya 1982, inayokataa kwamba huyu ni raia wake. Mrundi aliyekimbia mwaka 1972 alikuwa na nchi iliyomjua, na baadaye Tanzania ikawapa uraia zaidi ya watu 160,000 wa kundi lake. Mrohingya alivuliwa uraia akiwa bado nyumbani kwake, akavuka mpaka akiwa hana nchi nyuma yake wala mbele yake.

Kinachotupa pa kushika ni Katiba ya Bangladesh. Ibara ya 31 inampa kinga ya sheria raia, na pia mtu mwingine yeyote aliyemo nchini kwa wakati huo, na Ibara ya 33 inamtaka aliyekamatwa afikishwe mbele ya hakimu ndani ya saa 24 na aruhusiwe kumwona wakili. Mei 2017, miezi mitatu tu kabla ya wimbi kubwa la wakimbizi la Agosti, Mahakama Kuu ya Dhaka iliamuru waachiliwe Warohingya watano waliokuwa wamebaki gerezani baada ya kumaliza vifungo vyao, ikasema kwamba kanuni ya kutomrudisha mtu kwenye hatari inaifunga Bangladesh hata kama haikutia saini mkataba. Mawakili wetu wameibandika nakala ya hukumu hiyo ukutani, juu ya birika la chai.

Juni, wiki ya nne

Wiki nzima imekwenda kwenye mafunzo ya wasaidizi wa kisheria, na nimejifunza mimi zaidi kuliko wao. Msamiati wa mahakama za huku umepita njia ileile ya Kiarabu uliyopita wetu: wakili ni ukil, hakimu ni hakim, na kadhi, yaani mwandikishaji wa ndoa, huitwa kazi, jambo lililonichanganya siku nzima ya kwanza. Mtu anayewasafirisha wakimbizi kwa mashua kuelekea Malaysia huitwa dalal. Halafu kuna muhuri, ambaye si kitu cha kugonga kwenye karatasi bali ni karani wa wakili, mtu mwenye uwezo wa kuharakisha jalada au kulilaza. Asili yake ni neno lilelile lililotupatia mhariri. Dhuluma wanaiita zulum, na hilo halikuhitaji mkalimani.

Kuzoea maneno haraka namna hii kuna hatari yake, kwa sababu mtu husikia neno analolijua akadhani ameielewa sentensi. Mrohingya na mwenyeji wa Teknaf wanaelewana kwa kiasi kikubwa, maana lugha ya Kirohingya inakaribiana sana na lugha ya Chittagong, lakini mahakama huandika kwa Kibangla sanifu, ambacho wakimbizi wengi hawakisomi. Watoto wao nao hawatakisoma, kwa kuwa Kibangla hakifundishwi katika vituo vya elimu vya kambini. Wanafundishwa mtaala wa Myanmar, kwa matumaini kwamba watarudi.

Julai, wiki ya pili

Jalada lililotushughulisha zaidi mwezi huu ni la kijana aliyekamatwa akiwa na wenzake wawili katika bajaji iliyokutwa na vidonge vya yaba, dawa ya kulevya. Sheria ya dawa za kulevya ya 2018 ni kali kiasi cha kufikia adhabu ya kifo kwa kiwango kikubwa, na dhamana katika mashauri haya ni ngumu kupatikana. Kadi yake ya usajili inasema amezaliwa tarehe 1 Januari 2007. Kwa kadi hiyo yeye ni mtu mzima, na amewekwa gerezani pamoja na watu wazima.

Yeyote aliyewahi kufanya kazi kambini anaijua tarehe hiyo. Mtu asipoijua siku aliyozaliwa, mwandikishaji hukisia mwaka na kumwandikia Januari Mosi, na kwa hiyo katika kila mtaa wa kambi kuna umati wa watu waliozaliwa siku moja. Tarehe hiyo iliwekwa kwa ajili ya mgawo wa chakula, lakini sasa ndiyo inayoamua kama kijana huyu atahukumiwa chini ya Sheria ya Watoto ya 2013, ambayo humhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18 siku ya kutendeka kosa, au chini ya sheria ya wakubwa.

Mama yake haijui tarehe, lakini anaijua nyakati. Anasema vurugu za Juni 2012 zilipoikumba Maungdaw, kwao Myanmar, mtoto huyu alikuwa bado hajaachishwa ziwa, na kwamba alikuwa amebakiza miezi michache kutimiza miaka miwili ya kunyonya. Hesabu yake inampa kijana umri wa karibu miaka 15. Tatizo ni kwamba kumbukumbu ya mama, mbele ya hakimu mwenye kadi ya plastiki mkononi, haina uzito unaostahili.

Julai, wiki ya nne

Mama amerudi na simu yenye kioo kilichopasuka. Ndani yake kuna picha ya orodha ya kaya iliyotolewa na maofisa wa uhamiaji wa Myanmar, iliyopigwa na mjomba wake kabla kijiji hakijachomwa mwaka 2017. Kijana ameandikwa humo, na mwaka wake wa kuzaliwa ni 1372 kwa kalenda ya Kiburma, yaani kati ya Aprili 2010 na Aprili 2011. Kuwa humo ni bahati ya kuzaliwa wa pili: tangu 2005 wakuu wa Maungdaw na Buthidaung waliwawekea Warohingya kikomo cha watoto wawili, na waliozaliwa baada ya hapo wengi hawakuandikwa popote. Mdogo wake wa kike, niliyemwona akimshika mama yake upindo, hayumo.

Sasa tunahitaji tafsiri ya Kiburma kwenda Kibangla itakayokubalika mahakamani. Tumempata mwalimu mstaafu kutoka jamii ya Warakhine ambao wameishi Cox's Bazar vizazi kadhaa, upande huu wa mpaka, wakiwa raia kamili. Nilikuwa na wasiwasi kumwomba, kwa jinsi uhasama ulivyo kati ya Warakhine na Warohingya ng'ambo ya mto. Alisoma picha kwa kioo cha kukuzia, akaandika, akaenda pamoja na wakili kula kiapo, na hakupokea zaidi ya nauli.

Agosti, wiki ya pili

Ninaandika ukurasa huu kwa aibu kidogo, lakini shajara ya mradi isiyoandika makosa yake haina kazi.

Mwezi Juni tulisuluhisha shauri la mwanamke aliyetelekezwa na mume wake, ambaye alioa mke wa pili katika kambi nyingine na kuondoka na kadi ya familia inayotumika kuchukulia mgawo wa chakula. Mgawo huo, dola 12 kwa mtu mmoja kwa mwezi, ndio riziki yote ya mama huyo na watoto wanne. Kikao kilifanyika mbele ya ofisa wa kambi, imamu, na majhi wa mtaa wao. Majhi ni kiongozi wa mtaa wa kambi; neno lenyewe maana yake ni mwendesha mashua, nasi watu wa pwani tungemwita nahodha. Mume alikubali kurudisha kadi, kutenganisha usajili wa kaya na kutoa matunzo ya kila mwezi. Sote tulifurahi. Katika ripoti yetu ya kwanza kwa wafadhili, shauri hilo lilikuwa mfano wa mafanikio.

Juzi mwanamke huyo amerudi akilia. Alikwenda kwa mume kumdai mahari yake, ambayo haikuwahi kulipwa, na mume akamwonyesha karatasi yetu. Aya ya mwisho, kwa Kibangla, inasema kwamba pande zote mbili hazitakuwa na madai mengine yoyote yanayotokana na ndoa hiyo. Aya hiyo ilitoka katika kielelezo tulichokuwa tunakitumia kwa wenyeji, ambao ndoa zao huandikishwa kisheria na mahari yao hutajwa wazi katika hati ya ndoa. Hakuna aliyeiondoa. Mkalimani alipoisoma alisema kwa Kirohingya kwamba mambo yameisha, naye akaelewa kwamba ugomvi umeisha, akaweka dole gumba.

Nimepitia kumbukumbu za kikao hicho mara tatu nikitafuta mtu wa kumlaumu, na lawama zote zinarudi ndani ya banda letu. Mkalimani hakudanganya, alifupisha kwa sababu jua lilikuwa linazama na ofisa alitaka kufunga ofisi kabla watumishi hawajatakiwa kutoka kambini. Wakili hakukosea sheria. Mimi ndiye niliyeidhinisha kielelezo kimoja kwa watu wa aina mbili, kwa hoja kwamba usawa unataka hivyo.

Tumefanya yafuatayo. Kielelezo cha zamani kimefutwa. Makubaliano sasa yanasomwa yote kwa Kirohingya na kurekodiwa kwa sauti, kisha kila upande unaeleza kwa maneno yake mwenyewe nini amekubali na nini amekiacha. Mtu haweki dole gumba siku hiyohiyo bali baada ya siku tatu, akiwa ameshauriana na anayemtaka. Ofisa wa kambi alilalamika kwamba tunamwongezea vikao, na ana haki ya kulalamika. Tumekubaliana pia kuandika bayana kile ambacho mawakili walikuwa wakikifanya kimyakimya, kwamba ubakaji, usafirishaji wa binadamu na kipigo cha kujeruhi havitasuluhishwa katika dawati letu hata kama wahusika wote wanaomba iwe hivyo. Maombi ya namna hiyo huja mara nyingi kuliko nilivyotarajia, na huletwa na wazee wenye heshima zao, wanaoamini kwa dhati kwamba wanamwokoa msichana na fedheha ya mahakama.

Mume amekubali kurudi kikaoni. Ripoti kwa wafadhili tumeisahihisha.

Agosti 25

Hatukufungua dawati. Ni miaka minane tangu kuanza kwa mashambulizi yaliyowaleta huku zaidi ya watu 700,000 katika miezi michache, na wakimbizi wamekusanyika kuwakumbuka wafu wao. Wengi huniuliza zaidi habari za Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko The Hague kuliko habari za majalada yao wenyewe. Huwaeleza kwamba kesi ya Gambia dhidi ya Myanmar, iliyofunguliwa Novemba 2019, bado inaendelea, na kwamba amri ya Januari 2020 ya kuwalinda Warohingya waliobaki Rakhine, jimbo lao huko Myanmar, ingali na nguvu. Huwaambia pia kwamba waziri wa sheria wa Gambia aliyeianzisha, Abubacarr Tambadou, alipata uzoefu wake wa mashauri ya mauaji ya kimbari nchini kwetu, Arusha, katika mahakama ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda. Mzee mmoja aliuliza Arusha iko umbali gani na kambi yao ya Kutupalong.

Septemba, wiki ya tatu

Mwezi huu tumehamia zaidi upande wa wenyeji, na ilikuwa wakati wake. Katika tarafa za Ukhiya na Teknaf wakimbizi wamewazidi wenyeji kwa idadi, ujira wa kibarua umeshuka, msitu waliokuwa wakikata kuni umegeuka vilima vya mabanda, na uvuvi katika mto Naf ulipigwa marufuku mwaka 2017 kwa sababu ya magendo ya yaba. Mwenyeji anayekuja kwetu mara nyingi huanza kwa kuuliza, kwa adabu lakini kwa jicho kali, kama na yeye anaruhusiwa kukaa kwenye benchi hili.

Kwa mashauri yao ya madeni na mipaka ya mashamba tunawaelekeza kwenye mahakama ya kijiji, ambayo tangu marekebisho ya 2024 inaweza kusikiliza madai ya hadi taka 300,000, kwa sarafu ya Bangladesh, badala ya 75,000. Kwa karatasi ni hatua nzuri. Kwa vitendo, mahakama hiyo huongozwa na mwenyekiti wa kata, na wenyeviti wengi hawaonekani ofisini tangu serikali ilipoanguka Agosti 2024, hivyo wananchi wanamfuata kaimu, na kaimu anaogopa kuamua.

Lakini kero kubwa ya wenyeji ni vyeti vya kuzaliwa. Baada ya 2017 uandikishaji wa vizazi ulisitishwa katika wilaya nzima ya Cox's Bazar, ili mkimbizi asijipenyeze katika daftari la raia, na ulipofunguliwa tena ulikuja na masharti ambayo maskini wa hapa hawezi kuyatimiza kwa urahisi: hati za wazazi, hati za ardhi, mashahidi. Mtoto bila cheti hupata shida kuandikishwa shule. Kwa hiyo mwenyeji wa Teknaf, ambaye babu yake alizikwa hapa, anatakiwa athibitishe kwamba yeye si Mrohingya, huku jirani yake upande wa pili wa uzio akitakiwa athibitishe kwamba aliwahi kutoka mahali fulani. Nimewakuta watu hawa wawili katika benchi letu, asubuhi moja, kila mmoja na bahasha yake ya plastiki kifuani.

Kati yao yupo mwanamke Mbangladeshi aliyeolewa na Mrohingya na ana watoto wawili. Tangu marekebisho ya 2009 mama naye anaweza kumrithisha mtoto uraia wa Bangladesh, kwa hiyo kwa maandishi ya sheria watoto hawa ni raia. Hata hivyo, mwaka 2014 serikali iliwakataza waandikishaji kuandikisha ndoa kati ya raia na Warohingya, na Januari 2018 Mahakama Kuu ikakataa ombi la kutaka katazo hilo litenguliwe. Nikahi imefungwa, mashahidi wapo, ila hakuna hati. Bila hati ofisi ya kata haimwandiki baba. Bila baba fomu haikamiliki. Karani alimshauri, kwa nia njema kabisa, aseme watoto hawana baba. Amekataa. Mawakili wetu wanagawanyika kama tupeleke ombi Dhaka: mmoja anaona hoja ya mama inasimama peke yake bila kuigusa ndoa, mwingine anaogopa kwamba tukishindwa tutakuwa tumeufunga hata huo mlango mdogo ambao makarani wengine huuacha wazi. Mimi niko na wa kwanza, lakini si mimi nitakayeishi na matokeo.

Oktoba, wiki ya nne

Msimu wa mvua umekwisha, bahari ya Andaman imeanza kutulia, na madalali wamerudi. Mwaka 2023 watu 569 walikufa au kupotea katika safari hizi, na mwezi Mei mwaka huu mashua mbili zilizama kwa siku mbili mfululizo, wakihofiwa kufa 427. Tunawafahamisha watu kuhusu sheria ya 2012 dhidi ya usafirishaji wa binadamu, wanasikiliza kwa heshima, kisha mama mmoja anauliza kama sheria hiyo ina njia nyingine ya kumfikisha binti yake kwa mchumba aliyeko Malaysia. Sijui kama kikao kile kilikuwa na faida. Wiki ijayo tutajaribu kuanzia kwenye swali lake.

Habari njema ni za mama wa mahari. Makubaliano mapya yamewekwa dole gumba, mahari imetajwa kwa kiasi chake, na atalipwa kwa awamu.

Novemba, wiki ya tatu

Mahakama imekubali umri wa kijana. Hakimu aliitazama tafsiri, akaagiza uchunguzi wa daktari, na daktari akasema ni chini ya miaka 18. Shauri limehamishiwa mahakama ya watoto. Wakili wetu alinipigia simu kutoka kwenye ngazi za mahakama akiwa anahema.

Jioni tukaanza kuona upande wa pili wa ushindi huo. Mtoto wa kiume aliyetolewa gerezani hupelekwa kwenye kituo cha watoto, na vituo vya wavulana viko Tongi, karibu na Dhaka, na Jashore. Gereza la Cox's Bazar liko zaidi ya kilomita 30 kutoka kambini, na mama aliweza kufika huko kila alipopewa kibali. Kufika Tongi ni safari ya kuvuka nusu ya nchi, na hakuna ofisa wa kambi atakayemwandikia kibali cha namna hiyo. Nilipaswa kuliona jambo hili mwezi Julai na kumweleza mama kabla hatujaanza.

Tumewasilisha ombi la dhamana ili akabidhiwe kwa mama yake chini ya uangalizi wa ofisa wa ustawi. Litasikilizwa katika wiki ya kwanza ya Desemba. Leo mchana mama alikuja, tukamweleza yote, akakaa kimya muda mrefu, kisha akaomba nakala ya ile orodha ya kaya. Tumemchapia tatu na kuzifunika kwa plastiki. Mbili amezikunja ndani ya nguo. Ya tatu ameturudishia, akasema ikae kwetu, juu ya matofali.